Ushauri nasaha: maana yake, na kinachokusubiri siku ya kwanza

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Ushauri ni shauri unalopewa, na nasaha, neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo ni maonyo ya mtu anayekutakia mema. Ukiyaweka pamoja unangoja kushauriwa mara mbili. Basi mtu anapanda ngazi za jengo fulani Nairobi, Hurlingham au Ngong Road, na swali lake moja: nimwache au nivumilie? Niache hii kazi au nibaki? Saa moja baadaye anashuka amevunjika moyo. "Hakuniambia nifanye nini. Kazi yake ilikuwa kuniuliza tu."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja, ambao wengine huuita tiba ya mazungumzo, ni vikao vya faragha kati yako na mtu aliyesomea kusikiliza na kuuliza, kwa muda na malipo mliyokubaliana, mpaka wewe mwenyewe uone kinachokusumbua kimefungwa wapi na kinaweza kufunguliwa vipi. Uamuzi unabaki kuwa wako. Katika Kiarabu, shina la neno nasaha lina maana nyingine ya zamani, kushona nguo. Naipenda zaidi hiyo. Fundi hufanya kazi na kitambaa ulichomletea.

Washauri tunao tangu jadi. Kuna shangazi, somo, kungwi, mzee wa ukoo, pasta, imamu. Nguvu yao ni kwamba wanakujua, na hapohapo ndipo penye shida. Shangazi akisikia ndoa yako inayumba, tayari ana upande, ana yake na mama mkwe wako, na Desemba mtakutana ushago, kule kijijini, mkila sahani moja. Kaunsela hatakiwi kuwa na lolote kati ya hayo. Asiwe jamaa yako, wala bosi wako, wala mwenzako wa maombi ya Jumatano. Mkikutana madukani Sarit Centre siku ya Jumamosi, wengi wao hawatakusalimu mpaka uanze wewe, kwa sababu hawataki uulizwe na uliye naye mlijuana wapi.

Majina ya wataalamu pia huchanganya. Kaunsela au mshauri nasaha amesomea ushauri. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia, na aliyebobea katika tiba anaweza kukupima na kukutibu kwa mazungumzo. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, na huyo ndiye anayekuandikia dawa. Kaunsela mzuri akiona unahitaji dawa atakutuma kwa daktari, na unaweza kuwaona wote wawili kwa wakati mmoja. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, imekuwepo tangu 1910, na kwa miaka mingi jina lake limetumika kutishia watu, hata leo wapo wanaodhani kuingia kwa kaunsela ni hatua ya kwanza ya kupelekwa huko. Hakuna uhusiano wa namna hiyo, na aliyetibiwa Mathari naye hana cha kuonea haya.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hii. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kabla ya kulipa: umesajiliwa? Umesomea wapi? Umewahi kushughulikia jambo kama langu? Nani anakusimamia? Swali hili la mwisho watu hulisahau, na ni la maana sana. Kaunsela anayejua kazi naye ana mtaalamu anayempelekea kazi yake ikaguliwe, bila kutaja majina ya wateja. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, umeshapata jibu.

Pesa ziulizwe mapema, kwa simu. Nairobi kikao kimoja kwa kaunsela wa kibinafsi kinaweza kuwa shilingi 2,000, kinaweza kupita 5,000, kutegemea mtaa, elimu yake na uzoefu. Wengi wana nafasi chache za bei nafuu kwa wenye kipato kidogo, ila hawazitangazi, lazima uulize. Vyuo vinavyofundisha kazi hii navyo huwa na wanafunzi wanaopokea wateja chini ya usimamizi kwa ada ya chini. Ukiwa na bima ya kazini, uliza kama inalipia ushauri nasaha na kama inataka barua ya daktari kwanza. Halafu kuna kanuni ya kuahirisha. Wengi wanataka taarifa saa 24 kabla, la sivyo unalipa kikao ambacho hukuhudhuria. Jam ya Thika Road haikuongezei muda: ukichelewa dakika ishirini, zilizobaki ndizo zako.

Sasa siku yenyewe. Kikao huchukua dakika 50 hadi saa moja. Chumba hakina maajabu: viti viwili, boksi la tishu, saa mahali anapoweza kuiona bila kukukatiza. Kulala kwenye kochi ukitazama dari ni mambo ya sinema, hapa mnakaa mkitazamana. Kwanza utapewa fomu ya ridhaa. Isome. Usitie sahihi haraka kama unavyofanya kwenye simu, kwa kuwa humo ndimo mmeandikiana jinsi siri zako zitakavyotunzwa.

Unayosema hayatoki, ila kuna mipaka, na kaunsela anapaswa kukueleza kabla hujaanza kusimulia. Akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, akisikia mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikimwamuru, anaweza kulazimika kuzungumza na mtu mwingine. Nje ya hayo, mume, mke, mzazi au mwajiri wako hawana ruhusa ya kupewa habari zako, hata kama ndio wanaolipa. Anayoandika kukuhusu pia yanalindwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, kwa hiyo muulize anaziweka wapi na kwa muda gani.

Kuna jambo ambalo watu huja nalo likiwa limewakaba koo, yaani mawazo ya kufa. Kusema kwamba wakati mwingine unatamani usiamke hakumfanyi kaunsela aite polisi. Atakuuliza maswali ya wazi: umefikiria namna gani, una mpango, nani yuko nyumbani? Anataka kujua uko umbali gani na hatari, ili mpange jinsi ya kukulinda. Woga huu ulikuwa na msingi wake. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Na ukizidiwa usiku, kabla ya siku ya kikao, nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.

Kikao cha kwanza kina maswali mengi: usingizi, chakula, kazi, familia, pombe, maradhi, misiba. Huenda akakupa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likiwa na alama kuanzia sifuri hadi tatu, jumla ya juu kabisa ikiwa 27. Ni kipimo cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kinachotumika dunia nzima, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Hakuna kufaulu wala kufeli. Mkikirudia baada ya wiki kadhaa, mnaona kama kuna kilichosogea.

Jambo ninalotamani kila mtu aliwaze kabla ya kwenda ni lugha. Makaunsela wengi wa Nairobi wamesomeshwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tukiingia ofisini tunajikuta tunakitumia, kana kwamba tumeenda kuomba kazi. Maneno yanatoka yamenyooka, na machungu yanabaki ndani. Mtu ambaye kwa Kiingereza ana "stress" ndiye huyohuyo ambaye kwa Kiswahili atasema moyo wangu mzito, nawaza sana, sina raha na watu. Hapo kuna mambo matatu ya kuuliza, wakati neno lile moja lilikuwa limefunga mlango. Na yaliyokupata utotoni huenda yamehifadhiwa kwa Kikamba, Kijaluo au Kikuyu, kwa maneno yaleyale uliyotukanwa nayo. Uliza tangu kwenye simu: naweza kuongea Kiswahili? Nikichanganya, utanielewa? Kaunsela asiyejua lugha ya mama yako bado anaweza kukwambia useme hilo neno kama lilivyo, kisha umweleze lina uzito gani kwenu.

Vikao vinavyofuata hutegemea njia anayoitumia. Wanaomfuata Carl Rogers, Mmarekani aliyeamini kwamba mtu hubadilika akisikilizwa bila kuhukumiwa, watakuacha uongoze mazungumzo. Wanaofuata njia iliyoanzishwa na Aaron Beck, daktari wa akili Mmarekani, miaka ya 1960 watakupa kazi ya kufanya nyumbani, kwa mfano kuandika ulichowaza kila mara kifua kilipobana, na kama wazo lile lilikuwa na ushahidi. Wengi huchanganya. Kutakuwa na kimya pia. Usikimbilie kukijaza.

Na jiandae: baada ya kikao cha pili au cha tatu unaweza kujisikia vibaya kuliko ulivyokuja. Kidonda kimetoneshwa. Usijipangie mkutano mzito mara tu unapotoka. Tembea kidogo, unywe chai. Mwambie kaunsela wiki inayofuata. Ila ikiwa baada ya vikao vinne au vitano hakuna unachoelewa zaidi na humwamini, liseme hilo kwake, au mtafute mwingine. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba kazi hii husimama juu ya vitu vitatu: kukubaliana mnaelekea wapi, kukubaliana mnafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Tangu hapo utafiti mwingi umeonyesha kwamba uhusiano huo una uzito mkubwa katika matokeo.

Mimi wa kwanza niliyemwendea alitumia nusu ya kikao kunisimulia talaka yake, kisha akaniambia nisamehe na niombe. Sikurudi. Nilidhani ushauri nasaha wote uko hivyo, na nikakaa mwaka mzima bila kumtafuta mwingine. Mwaka huo ndio unaoniuma kuliko zile pesa. Wa pili aliniuliza, "Nani alikufundisha kwamba ukilia unasumbua watu?" Nikakaa kimya, na saa ikaisha nikiwa bado natafuta jibu.

Shida nyingi hushughulikiwa kwa vikao sita hadi ishirini, mara moja kwa wiki, baadaye kila wiki mbili. Mwisho hupangwa. Mnatenga kikao cha kuagana, mnaangalia ulikotoka, na anakwambia mlango wa kurudi uko wapi. Unaruhusiwa pia kuacha wakati wowote.

Kama kinachokukwamisha ni namna ya kuanza, ujumbe mfupi unatosha, na hulazimiki kueleza shida yako humo: "Habari. Natafuta mshauri nasaha wa kuonana naye ana kwa ana. Una nafasi jioni baada ya saa kumi na moja? Kikao ni pesa ngapi, na tunaweza kuongea Kiswahili?"