Petro alikula kwanza, maswali yakaja baadaye

Nafundisha Kiyunani cha Agano Jipya, na kwenye mambo ya kula na Yesu watu wengi huniuliza kuhusu ile karamu ya usiku wa mwisho, lakini mimi moyo wangu uko Yohana 21, kile chakula cha asubuhi pale ufukweni Tiberia. Wanafunzi 7 wamekesha ziwani hawajapata kitu, mtu wa ufukweni, kumbe ni Yesu aliyefufuka, anawaambia tupeni nyavu upande wa kuume, wanatoka na samaki 153. (Kuhusu hiyo namba watu wameandika sana, mimi sioni kama ndipo uzito ulipo.)

Uzito uko kwenye moto. Yohana anasema walikuta moto wa makaa, kwa Kiyunani anthrakia, na hilo neno kwenye Agano Jipya lote linatokea mara 2 tu: hapa na Yohana 18:18, ule uani kwa kuhani mkuu ambapo Petro alikuwa anaota moto huku anakana kuwa mwanafunzi wa Yesu, usiku ule Yesu alipokamatwa. Sasa fikiria Petro, amejitupa majini na nguo, kafika ufukweni amelowa chapachapa, anasogea kwenye joto na harufu ni ileile ya makaa. Mimi siamini kama ilitokea tu kwa bahati.

Ila hakuna anayemsomea mashtaka. Anaambiwa "njoni mfungue kinywa". Tena samaki na mkate tayari viko motoni, Yesu haishiwi kitu, bado anasema leteni na hao mliowavua nyinyi! Hapa huwa nanyamaza kidogo nikiwa nafundisha, maana sisi ndugu akianguka tunaanza na kikao, anasimamishwa huduma, anaitwa mbele ya wazee, halafu akishalia vya kutosha ndio tunamkaribisha mezani, na wengine hawarudi kabisa.

Mstari wa 15 unaanza "walipokwisha kula", usiruke hayo maneno. Ni baada ya hapo ndio anaulizwa wanipenda, mara 3, kama alivyokana mara 3, na ile ya tatu ilimuuma kweli, Yohana hafichi. Kwahiyo swali gumu lilikuwepo, halikufutwa, ila aliulizwa akiwa ameshiba, nguo zinakaukia motoni, na kazi aliyopewa palepale ni kulisha kondoo.