Masizi huungua, majivu hayaungui

Wiki iliyopita dada mmoja wa Raskazone aliniletea gari la dizeli gerejini, Ngamiani, hapa Tanga, na furaha tele. "Fundi, gari langu halili oili kabisa. Kila nikipima, imeongezeka!" Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa: dizeli. Taa ya chujio la moshi nayo inawaka, ila yeye alishaizoea.

Chujio lenyewe ni tofali la kauri lililojaa vijitundu kama sega la nyuki. Kijitundu kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa hiyo moshi ukishaingia hauna pa kutokea ila kupenya ukutani. Hewa inapita, masizi yanabaki. Ndiyo maana naanza na kitambaa cheupe: nafuta ndani ya mdomo wa bomba, kikitoka safi chujio ni zima. Kikitoka cheusi tii, ama limepasuka, ama alipita fundi wa kukata, yule anayelitoa chujio na kuacha bomba tupu. Hao wa kukata tusiwazungumze leo, nitakasirika bure.

Masizi yakirundikana, gari huyachoma lenyewe. Kwenye barabara kuu, injini ikiwa na mzigo, moshi hufika nyuzi 250 hadi 400 na masizi yanaungua taratibu bila wewe kujua. Mjini joto hilo hulipati. Sensa ikiona mgandamizo mbele ya chujio umeuzidi sana wa nyuma, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huziamuru nozeli zinyunyize dizeli ya ziada kwa kuchelewa, ikaungulie kwenye kichocheo, kifaa cha kuunguzia kilicho mbele ya chujio, joto lipande hadi nyuzi 600 hivi. Dakika 15 au 20, kazi imekwisha. Usipozima gari.

Dada yetu anazima. Kwake mpaka shuleni kwa watoto, Chumbageni, ni dakika chache. Kisha sokoni, kisha nyumbani. Masizi yakianza kuungua, feni inanguruma, bomba linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, yeye huyo anachomoa ufunguo. Kesho gari linaanza upya, na kila mara dizeli kidogo inachuruzika kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Ndiyo hiyo "inayoongezeka".

Nikamwaga oili yote, nikaweka yenye alama ya C3, ya magari yenye chujio kama hili, tukaenda Muheza na kurudi, gia moja chini ya kawaida ili injini isipoe. Taa ilizimika tukiwa tunakaribia Pongwe, wakati wa kurudi.

Majivu ni habari nyingine. Oili inayoungua kidogo kidogo huacha madini yake, kalsiamu na zinki, na hayo ni sawa na majivu ya jiko la mkaa: huyachomi mara ya pili, unayatoa. C3 ina machache, si kwamba haina. Yakijaa nalifungua chujio, navaa barakoa, napuliza upepo kutokea nyuma; linatoka vumbi la kijivu, laini kuliko unga wa sembe. Kujua kama limetoka la kutosha, napima uzito kabla na baada kwa mzani wa jirani yangu muuza mchele. Kila nikienda ananiuliza kama siku hizi nauza vyuma chakavu.