Mtoto wa Shule Kijijini: Macho Hayapimi Lishe

"Mtoto wa kijijini hanenepi, anatembea sana." Zamani kauli hii ilikuwa na mashiko. Siku hizi usafiri unafika hadi mlangoni, simu imekula muda wa kucheza, na soda na biskuti hazikosekani hata kwenye duka dogo. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, duniani kote watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu. Vijijini mara nyingi hali zote mbili hukutwa darasa moja, hata nyumba moja.

"Akishiba, amelishwa." Hapa ndipo tunapowaumiza watoto bila kujua. Sahani iliyojaa wanga peke yake hushibisha vizuri kabisa, lakini madini chuma, zinki na vitamini A hubaki pungufu. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na hasikilizi darasani, naye huitwa mvivu, wakati mwingine huchapwa. Inaniuma sana, kwa sababu kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu: kunde na mboga za majani kila siku, tunda lenye vitamini C pamoja na mlo ili chuma kifyonzwe, na chai inywewe mbali na chakula kwa kuwa huzuia ufyonzwaji huo. Dawa za minyoo nazo zisisahaulike. Minyoo ya safura hunyonya damu.

"Mfupi? Ni ukoo." Huenda, lakini udumavu huanzia tumboni na kuendelea hadi miaka miwili ya kwanza, na mtoto aliyedumaa huonekana mzima, ila tu utadhani ni mdogo kwa umri. Tena aweza kunenepa akiwa bado mfupi.

Mashavu yaliyojaa si lazima yawe afya; huenda ni uvimbe wa utapiamlo. Ukibonyeza miguu yote miwili na shimo likabaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

"Aliyenenepa anyimwe chai ya asubuhi." Hapana. Mtoto bado anakua. Kwa kawaida inatosha uzito utulie huku urefu ukiongezeka. Punguza vinywaji vyenye sukari, apate dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku, alale mapema.

Urefu upimwe bila viatu na uzito kwa mizani, kisha vilinganishwe na umri na jinsia yake. Mwalimu mwenye mizani na utepe anaweza kupima darasa zima kila muhula.