Lenzi za vipimo ndani ya miwani ya jua ya chapa: maana yake, na fremu zinazokubali

Kuweka lenzi za vipimo kwenye miwani ya jua ni kutoa vioo vya giza vilivyokuja na fremu na kuingiza vingine vilivyochongwa kwa kufuata cheti chako cha macho, vyenye rangi ya kukinga jua. Vioo vya awali havina nguvu yoyote: ni vyembamba, na unene wake ni mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Fremu ilibuniwa kwa ajili ya vioo vya namna hiyo. Lenzi yenye nguvu ina umbo jingine kabisa, na karibu kila tatizo la kazi hii huanzia hapo.

Cha kwanza kuangalia ni mpindo. Miwani ya jua hupindwa ifuate uso ili mwanga usipenye pembeni, na mafundi huutaja mpindo huo kwa namba ya besi. Lenzi za kawaida za mtu asiyeona mbali huwa besi 4 au chini ya hapo. Miwani mingi ya jua iko karibu na besi 6, na ile ya michezo inayokumbatia uso hufika besi 8. Ukilazimisha lenzi ya besi 4 kwenye fremu ya besi 8, ama fremu itanyooka, mikono itanuke na miwani iteleze puani, ama lenzi itachomoka kwenye kona ya upande wa sikio. Lenzi yenye mpindo mkali hutengenezwa, ila huwa imelala kimshazari mbele ya jicho, kwa hiyo nguvu inayolifikia jicho hutofautiana na iliyoandikwa kwenye cheti. Maabara lazima ipige hesabu upya kwa kutumia pembe ya fremu. Ndiyo maana kwa fremu za besi 8 maabara nyingi husita kupita nguvu ya takriban 4.00, iwe ya kujumlisha (+) au ya kutoa (-). Itazame fremu kutoka juu: kadiri uso wake ulivyo karibu na mstari ulionyooka, ndivyo kazi inavyokuwa rahisi. Miwani ya kioo kimoja kinachopita juu ya pua, isahau.

Cha pili ni ukubwa, na hapa ndipo wengi huumia kwa sababu fremu kubwa ndizo zinazopendeza. Ndani ya mkono wa fremu kuna namba kama 58, 18 na 145: upana wa kioo, upana wa daraja la pua na urefu wa mkono, zote kwa milimita. Jumlisha mbili za kwanza upate 76. Kama umbali kati ya mboni zako ni 62, tofauti ni 14, yaani kitovu cha kila lenzi kisogezwe milimita 7 kuelekea puani. Kisiposogezwa, lenzi ya -4.00 huvuta taswira kwa karibu prizimu 2.8 (kipimo cha jinsi lenzi inavyohamisha taswira) kila jicho, na kichwa kitakuuma bila kujua sababu. Kikisogezwa, ukingo wa nje unabaki milimita 36 kutoka kitovuni, na lenzi za kutoa hunenepa kadiri zinavyoachana na kitovu. Kwa plastiki ya kawaida ya faharasa 1.50 (faharasa ni kipimo cha jinsi lenzi inavyopinda mwanga: ikiwa juu, lenzi huwa nyembamba), ukingo huo hufika kama milimita 7. Ukilipia 1.67 unashuka hadi kama 5.5. Lakini fremu ya 50 na 20 hukupa takriban unene huo huo wa 5.5 kwa plastiki ya kawaida. Fremu ndogo ni dawa ya bei nafuu kuliko lenzi ghali, ingawa muuzaji ni nadra kukuambia.

Wenye lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja waangalie pia kimo cha kioo. Chini ya milimita 28 hivi, sehemu ya kusomea hukatwa wakati wa kuchonga.

Fremu za asetati, aina ya plastiki, hupashwa moto kidogo zilainike, kisha lenzi husukumwa ndani. Za chuma hufunguliwa skrubu ya ukingo. Za nailoni ngumu hazilainiki sana, hivyo lenzi lazima ikatwe kwa ukubwa barabara: ikizidi, fremu hupasuka au koti la lenzi hufanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ikipungua, inacheza. Fremu iliyozeeka juani huvunjika hata mikononi mwa fundi mzuri. Kabla hujaiacha, uliza nani atabeba hasara, maana wengi hupokea fremu ya mteja kwa dhamana ya mteja mwenyewe.

Kuhusu rangi, giza la lenzi hupangwa kwa kategoria: kategoria 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na hiyo inatosha kwa jua la kila siku. Kategoria 4 hupitisha 3 hadi 8 na haifai kuendeshea gari. Giza si kinga ya miale ya urujuanimno. Kinga hiyo idai peke yake, hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, huwa nayo kwa asili. Plastiki ya 1.50 hunywa rangi vizuri, ila lenzi nyembamba sana kama 1.74 ni ngumu kuzitia giza la kutosha. Lenzi zinazobadilika rangi huwa hafifu ndani ya gari, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha. Nembo iliyochorwa kwenye kioo cha awali haihami, ila kwa chapa zinazouza lenzi zao za vipimo zenye nembo, kama Ray-Ban na Oakley.

Vipimo vya mboni vichukuliwe ukiwa umeivaa fremu yenyewe, iliyokwisha rekebishwa ikae sawa puani na masikioni. Siku ya kuchukua, omba lenzi zipimwe kwenye mashine mbele yako zilinganishwe na cheti. Kama umechukua lenzi za polaraizi, za kukata mng'ao wa lami na maji, tazama skrini ya simu au kompyuta huku ukiinamisha kichwa polepole upande mmoja, ukifumba jicho moja kisha jingine. Skrini nyingi zitafifia, na lenzi zote mbili zinapaswa kufifisha kwenye mwinamo uleule. Zikitofautiana, moja imekatwa imezungushwa, irudishwe. Vioo vya awali navyo vidai: lenzi zikibadilishwa tena siku nyingine, fundi huvitumia kama kiolezo cha umbo.