Mawe ya bahari yaliyokauka: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Mgeni mmoja aliyekuwa anahama Goma aliuza samaki wote wa baharini aliowafuga kwenye akwariamu, tangi lake la kioo, mimi akaniachia gunia la mawe yaliyokuwa humo. "Ni mawe hai," aliniambia. Gunia likalala stoo mtaani Himbi miaka miwili, nyuma ya makaa. Siku nilipolifungua lilinuka kama sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, waliosahauliwa chini ya kiroba.

"Jiwe hai hubaki hai." Harufu ile peke yake ilitosha kunijibu. Jiwe lenyewe ni chokaa, mifupa ya matumbawe. Kilicho hai ni bakteria, minyoo na sifongo wanaokaa ndani ya vitundu vyake, na ukavu wa miaka miwili hauwaachi hai. Ukilirudisha majini, mabaki yao yanaoza na kutoa amonia, sumu kali kwa samaki. Nilijaribu vipande viwili kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Siku ya tatu kipimo cha amonia, ambacho kingebaki njano kama maji ni safi, kilikuwa kijani kama sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Kwa hiyo mawe ya zamani yanaanzia kwenye pipa, akwariamu baadaye. Yasugue kwanza kwa brashi yakiwa ndani ya maji, ukiwa na glavu. Kisha yalowe kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hivi, pampu ikizungusha, pipa limefunikwa ili mwani usipate mwanga. Badilisha maji yanaponuka. Inachukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi, hadi amonia na nitriti zote zisome sifuri. Bakteria wapya wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanahitaji hewa nyingi, na huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani. Pampu ivuruge uso wa maji hasa. Umeme ukikatika usiku kucha, usishangae kipimo kikirudi nyuma.

"Yachemshe tu, yatakuwa safi." Hapa sina mzaha. Kuna viumbe laini vinavyoota kwenye mawe haya, vimejipanga kama vifungo vya shati, na baadhi yao vina sumu iitwayo palitoksini. Moto wa jikoni hauivunji, na mvuke wake unaingia mapafuni. Ulaya na Marekani watu wamelazwa hospitali kwa sababu ya kuchemsha au kusugua mawe ya namna hii ndani ya nyumba. Usichemshe, usichome, na kusugua kufanyike uani.

"Javeli inamaliza kila kitu." Javeli, dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, inamaliza nyama iliyooza, basi. Fosfati, chakula cha mwani, iliyojishika kwenye chokaa inabaki, halafu inavuja polepole miezi na miezi, na mwani unashangilia. Wapo wanaotumia asidi iliyozimuliwa ili kula ngozi ya juu ya jiwe. Inafanya kazi, ila asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na isikutane na javeli hata tone, maana hapo inatoka gesi ya klorini. Mimi nilichagua kusubiri.

Muulize pia aliyekupa kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba. Jiwe huinywa shaba hiyo na kuitoa baadaye; kamba na konokono hawaiwezi.

"Mawe ya volkano ni yaleyale, tena bure." Lava ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 imejaa kwenye kuta zetu, na kweli ina vitundu ambamo bakteria watakaa. Lakini si chokaa, ina chuma ndani yake, na kingo zake hukata. Mimi siitumii.

"Maji ya Kivu tayari yana chumvi." Kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyeniletea madumu ya maji aliniuliza hivyo hivyo: "Papa, ziwa lenyewe lina chumvi, unaongeza ingine ya nini?" Juu juu Kivu lina kama gramu 1 kwa lita, bahari ina 35. Lita 100 zinataka zaidi kidogo ya kilo 3.5 za chumvi ya akwariamu, si ile ya kupikia. Nilimsogezea ndoo niliyokuwa nimetoka kuichanganya. Alichovya kidole, akaonja, akatema mpaka barabarani.