Beaujolais: yanayosemwa kimakosa kuhusu divai ya Gamay

Dhana: Beaujolais ni ile divai changa ya Novemba tu

Beaujolais ni eneo la Ufaransa na pia divai itokayo huko, na zabibu yake kuu ni Gamay. Ile ya Novemba ni Beaujolais Nouveau, yaani Beaujolais mpya. Tangu 1985 imekuwa ikitoka rasmi Alhamisi ya tatu ya mwezi huo, nayo ni sehemu tu ya mavuno. Mashamba yenyewe yanaanzia karibu na Mâcon, mashariki ya kati mwa Ufaransa, yakashuka kusini kuelekea Lyon, magharibi ya mto Saône. Divai zake zina madaraja matatu: Beaujolais, Beaujolais-Villages, na juu kabisa maeneo 10 yenye hadhi ya cru, yaani maeneo bora ambayo divai yake hubeba jina la mahali ilipotoka, ambayo ni Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Régnié ndilo la mwisho kupewa hadhi hiyo, 1988.

Divai ya cru hairuhusiwi kuuzwa kama Nouveau. Tena mara nyingi lebo yake hutaja jina la eneo peke yake, kwa hiyo mnunuzi anayetafuta neno Beaujolais dukani anaweza kuipita Morgon bila kujua.

Dhana: Gamay ni zabibu duni

Sifa hii mbaya ina umri mrefu. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, jimbo lililo jirani upande wa kaskazini, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake kwa madai kwamba ilizaa kwa wingi divai mbovu. Kuhusu kuzaa kwa wingi hakukosea. Gamay ikiachwa katika ardhi yenye rutuba hubeba vichala kupita kiasi, na divai yake huwa nyepesi, yenye ukali wa tindikali na isiyo na harufu ya maana.

Kaskazini mwa Beaujolais ardhi yenyewe humpunguzia mkulima kazi. Udongo ni mchanga uliotokana na miamba ya itale, wenye rutuba haba, hivyo mzabibu hautanuki ovyo. Kusini kuna udongo wa mfinyanzi na chokaa, na huko ndiko Nouveau nyingi hutoka. Kazi inayobaki hufanywa na mkasi: kwa mtindo wa jadi shina huachwa fupi, bila waya, likiwa na matawi machache yaliyotandazwa kama kikombe, na kila kisiki cha tawi hubakishiwa macho mawili hivi, yaani sehemu za kuchipukia. Anayebakisha macho mengi kwa tamaa ya mavuno hulipwa kwa divai ya maji maji.

Kwa ukoo, Gamay ni mtoto wa aina mbili za zabibu, Pinot na Gouais Blanc, yaani ni ndugu wa Chardonnay, zabibu ya divai nyeupe yenye wazazi hao hao.

Dhana: Harufu ya ndizi ni tabia ya zabibu hii

Hapana. Hutokana zaidi na namna divai ilivyochachushwa, hasa aina ya hamira iliyotumika na joto la pipa. Kwa kawaida zabibu huchumwa kwa mkono kwa sababu vichala vinatakiwa vizima, ilhali mashine ya kuvunia hupukutisha punje. Vichala hutiwa ndani ya pipa pamoja na vikonyo vyake. Vya chini hupasuka kwa uzito, maji yake huanza kuchachuka, na hewa ya kaboni dayoksaidi hujaa pipani. Ndani ya punje ambazo bado nzima, vimeng'enya huanza kugeuza sukari kuwa kilevi bila msaada wa hamira, hadi asilimia 2 hivi, na wakati huo tindikali ya maliki, ile kali kama ya tufaha bichi, hupungua. Baadaye punje hulegea, hukamuliwa, na hamira humalizia sukari iliyobaki.

Nouveau hukaa na maganda siku 4 au 5 tu, ndiyo maana ina ladha nyingi ya matunda na tanini kidogo, ile dutu ya maganda inayokausha mdomo. Divai za cru huweza kukaa siku 10 hadi 20. Zabibu zilizooza zikiingia pipani, bakteria hupata nafasi na divai hunuka siki. Tahadhari moja ya uhai: hewa ya kaboni dayoksaidi hutuama chini ya chumba na inaua. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka ilhali hewa tayari ni ya hatari, hivyo tumia kipimo na feni.

Dhana: Mzabibu huvunwa wakati wowote ukiwa na jua

Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Beaujolais ni mara moja, kwa kuwa baridi huulaza mmea. Hupogolewa wakati wa baridi, huchipua mwishoni mwa Machi au Aprili, huchanua karibu na Juni, na zabibu hubadilika rangi Julai na Agosti. Mavuno hufuata siku 100 hivi baada ya maua, kwa kawaida Septemba. Mwaka wa joto kali 2003 yalianza Agosti. Kwa kuwa Gamay huchipua mapema, jalidi ya Aprili huiunguza kwa urahisi. Afadhali machipukizi yake ya pili nayo huzaa, ingawa kidogo. Mvua ya mawe ya kiangazi haina nafuu hiyo.

Dhana: Juisi yake ni nyekundu

Juisi ya Gamay ni nyeupe. Rangi imo kwenye ganda.

Dhana: Haiwekeki, na inywewe kwa joto la chumba

Nouveau inywe ndani ya miezi michache. Moulin-à-Vent au Morgon ya mwaka mzuri huweza kukaa miaka 10 na zaidi ikilazwa penye giza na ubaridi usiobadilika. "Joto la chumba" lilikuwa la nyumba za Ulaya zenye baridi. Dar es Salaam au Mombasa, kwenye nyuzi 30, kilevi hutawala na ladha ya matunda hupotea. Nouveau inafaa nyuzi 11 hadi 12, cru 14 hadi 15. Chupa iliyokuwa mezani iwekwe kwenye friji kwa saa mbili hadi tatu kabla ya kufunguliwa.