Pikapu ya turbo inahitaji petroli ya okteni ngapi?

Wenye pikapu za turbo wanaokuja kutuuliza hapa chuoni, wengi huanza na swali hili: niweke petroli ya bei ya chini au ile ya juu? Nyuma ya swali huwa kuna imani kwamba okteni kubwa ni mafuta makali zaidi, kwamba yanasafisha injini, na kwamba gari la bei kubwa halistahili kuwekewa ya chini. Imani hiyo inawamaliza watu pesa bure. Wengine nao, kwa kuidharau namba iliyo kwenye pampu, wanaumiza injini bila kujua.

Okteni haipimi ukali wa mafuta. Lita ya okteni 91 na lita ya okteni 95 zina nishati inayokaribiana sana. Kinachopimwa ni uvumilivu: petroli itagandamizwa na kupata joto kiasi gani kabla haijajiwakia yenyewe bila cheche ya plagi. Maabara hutumia injini maalumu ya silinda moja, ambayo mgandamizo wake unapandishwa na kushushwa huku inazunguka, na petroli hulinganishwa na mchanganyiko wa vimiminika viwili: iso-okteni, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli inayogonga, yaani kujiwakia hivyo kabla ya wakati, sawa na mchanganyiko wenye asilimia 95 ya iso-okteni huandikwa okteni 95.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu jaribio lenyewe lipo la aina mbili. La kwanza, RON, hufanywa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika. La pili, MON, hufanywa kwa mizunguko 900 na mchanganyiko ulio moto zaidi, hivyo namba yake hutoka ndogo. Marekani huchukua wastani wa hizo mbili, AKI, na kuubandika kwenye pampu kwa kibandiko cha njano. Nchi za Ghuba, Ulaya na Afrika Mashariki huandika RON. Mafuta yaleyale yanayoitwa 87 Houston, Marekani, yangeitwa takriban 91 Muscat, mji mkuu wa Oman. Na 91 ya Marekani iko karibu na 95 ya Oman.

Chukua Ford F-150 yenye injini ya turbo ya lita 3.5 iitwayo EcoBoost, ambayo iliingia kwenye pikapu hiyo mwaka 2011 na sasa inaonekana Marekani na Ghuba pia. Kitabu chake cha Marekani kinaruhusu 87, kisha kinapendekeza 91 au zaidi kwa nguvu bora, hasa wakati wa joto na kazi nzito kama kuvuta trela. Mtu aliyehamia Muscat na kitabu hicho akasoma 91, akaenda kituoni akajaza M91, kama petroli ya RON 91 inavyoitwa Oman, ataamini ametimiza pendekezo. Kumbe amejaza kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Alichotakiwa kujaza ni M95. Kabla ya kulinganisha namba yoyote, angalia kitabu kinatumia kipimo gani. Ukiona R na M (RON na MON) zimejumlishwa na kugawanywa kwa 2, hiyo ni namba ya Kimarekani. Ongeza 4 au 5 upate ya RON.

Sasa kwa nini turbo iwe na habari yake peke yake? Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe. Yenye turbo husukumiwa hewa na mapanga yanayozungushwa na moshi wa ekzosi, na hewa inayogandamizwa hupata moto. Hewa ya digrii 40 ikisukumwa hadi shinikizo maradufu hutoka kwenye turbo ikiwa imepita digrii 100. Kipoozeo kilicho mbele ya rejeta huishusha, lakini nacho kinategemea upepo wa barabarani. Gari likipanda mlima taratibu na mzigo mgongoni mchana wa Julai, upepo huo ni haba na wenyewe ni wa moto.

Ndani ya silinda, plagi huwasha mchanganyiko na moto husambaa kwa mpangilio. Sehemu ya mwisho ambayo haijafikiwa hubanwa na kupashwa joto na moto unaokuja. Mafuta yasiyo na uvumilivu hulipuka hapo kwa mkupuo, na utasikia mlio kama kokoto zinazorushwa kwenye bati. Huko ndiko kugonga. Kukiendelea, kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika na gasketi ya silinda hedi huungua.

Magari ya sasa yana sensa inayosikia mlio huo kabla ya sikio lako. Kompyuta ikiupata huchelewesha cheche na kupunguza msukumo wa turbo. Ndiyo maana F-150 inaishi vizuri na 87: inajilinda. Lakini kila inapojilinda inakunyang'anya nguvu na kula mafuta zaidi, na hilo hutokea hasa pale unapohitaji nguvu zaidi.

Ushauri wangu, basi, ni kuangalia kazi ya wiki yako kuliko bei ya gari. Pikapu inayokwenda ofisini na sokoni, tupu, kwenye barabara tambarare, haina faida ya maana kwenye petroli ya juu ikiwa kitabu kinaruhusu ya chini. Mwaka 2017 shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima magari ambayo watengenezaji wanapendekeza petroli ya juu bila kuilazimisha. Kwa wastani matumizi ya mafuta yaliboreka kwa asilimia 2.7 na nguvu kwa asilimia 1.4, wakati bei ilikuwa juu kwa asilimia 20 hadi 25. Kwa hesabu ya mfuko, hailipi. Lakini ukifunga trela, au ukipakia mzigo kupanda mlima Jabal Akhdar wa Oman kutoka Birkat al-Mouz, ambako polisi huruhusu magari ya kuvuta magurudumu manne tu, jaza ya juu bila kusita. Jaza kabla ya kuondoka, siyo ukiwa tayari mlimani, kwa sababu mafuta ya zamani yaliyomo tangini huchanganyika na mapya na kompyuta huchukua muda kujirekebisha. Kuchanganya hakuna madhara. Nusu kwa nusu ya 87 na 93 hukupa karibu 90.

Soma pia neno lenyewe kwenye kitabu. Kupendekeza ni jambo moja, kulazimisha ni jingine. Palipoandikwa kwamba petroli ya juu ni lazima, hakuna mjadala wala hesabu ya bei.

Wanaoishi Colorado na majimbo ya milimani watakuta pampu za 85. Zilitokana na injini za zamani: juu mlimani hewa ni nyepesi, mgandamizo unapungua, na injini isiyo na turbo inavumilia. Turbo inafuta msamaha huo, kwa sababu kazi yake ni kurudisha hewa iliyopungua. Usiweke 85 kwenye pikapu ya turbo, hata kama majirani wote wanaiweka.

Kuhusu usafi wa injini, hilo ni suala la viungo vya kusafisha vinavyotiwa kwenye petroli, na vinaweza kuwemo kwenye daraja lolote.

Lipo tatizo moja ambalo okteni haiponyi. Injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda inaweza kujiwasha mapema sana mzunguko ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, mara nyingi kwa sababu ya matone ya oili yaliyopenya. Pigo lake moja linaweza kuvunja pistoni. Kinga yake ni oili sahihi, ya daraja la SP la API, taasisi ya petroli ya Marekani, lililoanza mwaka 2020, na kuacha tabia ya kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo.

Kwa wasomaji wa nyumbani Afrika Mashariki: pikapu nyingi mnazoziona barabarani, Hilux, Ranger na D-Max, ni za dizeli, hata zile zenye turbo. Okteni haiwahusu kabisa. Dizeli hutakiwa kujiwakia, na hupimwa kwa seteni, kipimo cha wepesi huo wa kujiwakia. Petroli ikiingia kwenye tangi la dizeli, usiwashe gari hata kulisogeza pembeni, kwa sababu pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe.

Ukisikia kugonga ukiwa kwenye mlima, legeza mguu, shusha gia ili injini izunguke zaidi kwa mzigo mwepesi, na utafute mahali pa kusimama. Injini ikipoa, kagua maji ya rejeta, kisha uangalie kama vumbi na wadudu vimeziba kipoozeo cha hewa. Kama gari linagonga hata na petroli ya juu, tatizo haliko kwenye pampu. Lipeleke kwa fundi aangalie plagi na masizi ndani ya silinda, na asome kompyuta kabla hajafungua chochote.